Taa Tatu za Kijani

Mimi ni bwana shamba. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka kumi na mitano, na miaka mingi kati ya hiyo nimeifanya Gongo la Mboto, pembeni mwa Dar es Salaam. Watu wa mikoani wakisikia kuna bwana shamba Dar es Salaam hucheka. Huniuliza, "Unalimisha nini huko, lami?" Lakini Mto Msimbazi huanzia upande wetu, katika vilima vya Pugu. Mabondeni wananchi wanalima mchicha, matembele na bamia. Wakulima wapo, na wadudu wapo.

Leo sitaandika juu ya mbolea. Nitaandika juu ya magurudumu ya ndege.

Wengi wenu hamjapanda ndege. Mimi pia sijapanda. Lakini Gongo la Mboto iko karibu na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Ndege ikitua kutoka upande wetu hupita juu ya mabati yetu, chini kabisa, hata magurudumu yake tunayaona. Watoto huyahesabu kwa kelele. Watu wazima hawainui tena vichwa. Mtu mmoja tu mtaani kwetu bado huinua kichwa kila mara, naye ni mzee wa miaka zaidi ya sabini. Hutazama magurudumu mpaka ndege ipotee nyuma ya minazi, kisha ndipo huendelea na maneno yake.

Jina lake sitalitaja. Mtaani humwita Fundi, nami nitamwita hivyo.

Nilimjua Fundi usiku wa tarehe 16 Februari 2011. Usiku ule maghala ya mabomu ya jeshi yalilipuka hapa Gongo la Mboto. Watu zaidi ya ishirini walikufa. Maelfu tulikimbia gizani, kila mtu na njia yake. Mimi nilikuwa na mke wangu na mtoto mchanga. Tulipochoka tulitaka kukaa chini ya ukuta wa matofali. Mzee mmoja akatuzuia. Akasema, "Ukuta huanguka. Njooni hapa penye majani, mlale kifudifudi." Akakaa nasi mpaka alfajiri. Kila mlio aliusikiliza, akatuambia kama uko mbali au karibu. Kulipokucha ndipo nilipojua kwamba alikuwa mwanajeshi mstaafu, fundi wa ndege.

Tangu siku ile nikawa namtembelea. Ana kuku mia moja na mwembe mmoja mkubwa. Kuku ni kazi yangu. Mwembe ni wa wazee. Chini yake hukutana wastaafu wanne wa mambo ya anga, wakicheza drafti. Mmoja alikuwa dereva wa gari la zimamoto kiwanjani. Mmoja alikuwa kwenye mnara wa kuongozea ndege. Wa tatu kazi yake ilikuwa kuokota miavuli. Usicheke. Ndege za kivita kama MiG-21 hutua kwa kasi sana, hata breki za magurudumu peke yake hazitoshi. Ikigusa ardhi hufungua mwavuli mkubwa nyuma yake ili kupunguza mwendo. Mwavuli ule lazima uokotwe, ukaushwe na ukunjwe upya. Mzee huyu anasema amekunja miavuli mingi kuliko shuka za nyumba yake.

Nchi yetu ilianza mambo haya taratibu. Jeshi la Wananchi lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Katika miaka ya 1960 Kanada ilisaidia kufundisha marubani na mafundi, na zikaja ndege za mizigo aina ya Caribou. Katika miaka ya 1970 ilikuwa zamu ya China. Zikaja ndege za kivita za aina ya MiG zilizotengenezwa China, na kiwanja kikajengwa Ngerengere, mkoani Morogoro. Fundi aliingia jeshini miaka hiyo, akiwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Alipewa kazi ya miguu ya ndege.

Naam, wao husema miguu. Gurudumu ni kiatu tu. Mguu ndio chuma kirefu kinachobeba gurudumu. Ndege kama MiG-17 ina miguu mitatu, mmoja mbele chini ya pua na miwili chini ya mabawa. Ikiisha kupaa, miguu hukunjwa na kufichwa ndani, kwa sababu ikining'inia nje upepo huikamata na kuipunguzia ndege mwendo. Ikitaka kutua, miguu hushushwa. Ndege ile ina uzito unaozidi tani nne. Hugusa ardhi ikienda karibu kilomita 200 kwa saa. Uzito wote huo na kasi yote hiyo huangukia miguu mitatu.

Siku moja nilimwuliza Fundi, "Mzee, mguu hushushwa na nini?"

Akaniuliza, "Bomba lako la dawa hurusha dawa kwa nini?"

Nikamjibu kwamba ukipampu mkono wa bomba, nguvu hujikusanya ndani. Ukifungua, nguvu husukuma dawa nje.

"Basi ndivyo," akasema. "Kwetu ni mafuta badala ya dawa. Pampu inasukuma mafuta ndani ya bomba jembamba la chuma, mafuta yanasukuma mguu. Na wewe unajua bomba likitoboka mpira inakuwaje."

Najua. Utapampu mpaka jioni, na kitu kitakachopata dawa ni suruali yako.

Mafuta hayo huitwa mafuta ya haidroliki. Yakivuja yote, mguu hauna wa kuusukuma. Kwa hiyo huwekwa chupa ya chuma yenye hewa iliyobanwa. Hiyo ni akiba. Rubani huifungua siku ya shida tu, na hewa husukuma miguu badala ya mafuta. Tena kushuka hakutoshi. Mguu ukishuka lazima ujifunge kwa komeo, kama mlango. Mguu ulioshuka bila kujifunga ni kama mlango uliorudishwa tu. Kwa mbali unaonekana umefungwa. Ukiuegemea unaanguka nao.

Rubani hawezi kuinama dirishani kutazama miguu yake. Anatazama taa. Taa tatu za kijani zikiwaka, miguu yote mitatu iko chini na imejifunga. Zikiwaka mbili, kuna shida. Katika MiG-17 waliweka pia vijiti vidogo juu ya mabawa na juu ya pua. Mguu ukishuka, kijiti chake huchomoza. Fundi alivipenda sana vijiti hivyo. Alisema taa huungua, lakini kijiti hakiungui.

Sasa kuna jambo moja lililonishangaza kuliko chupa na vijiti. Kabla ya kutua, rubani husoma kadi. Kadi hiyo imeandikwa mambo ya kufanya, moja baada ya jingine, na mojawapo ni kushusha magurudumu. Nikamwambia Fundi, "Mtu ametua mara elfu moja. Hajui kwamba lazima ashushe magurudumu?"

Mzee wa mnara ndiye aliyenijibu. Alisema, "Anajua. Ndiyo sababu tunamwambia asome." Kisha akasogeza kete yake na kula kete mbili za Fundi. Sikumwelewa siku ile.

Wazee hawa macho yao yamechoka. Mimi nina simu, na nasoma vizuri. Basi imekuwa desturi yangu, nikimaliza kuangalia kuku, kuwasomea habari za ndege. Wanapenda zaidi habari za magurudumu. Nadhani ni kwa sababu habari hizo mara nyingi watu hutoka hai.

Siku moja niliwakumbusha ile ndege kubwa ya Ethiopia iliyotakiwa kutua Kilimanjaro, ikatua kiwanja kidogo cha Arusha. Ilikuwa tarehe 18 Desemba 2013. Kiwanja kile ni kifupi kwa ndege kama ile, aina ya Boeing 767. Ilisimama salama. Lakini ilipojaribu kugeuka, magurudumu yalitoka kwenye lami yakazama udongoni. Wazee walicheka sana. Mzee wa zimamoto alisema ndege ikizama matopeni haina tofauti na gari la mkaa.

Habari ya Poland hawakuicheka. Tarehe 1 Novemba 2011 ndege ya abiria ilitoka Marekani kwenda Warsaw, mji mkuu wa Poland. Ilikuwa na watu 231. Mara baada ya kupaa, bomba moja lilivuja na mafuta ya haidroliki ya upande huo yakaisha. Rubani, jina lake Tadeusz Wrona, hakuwa na wasiwasi mkubwa. Ndege ile ilikuwa na njia ya akiba, mota ya umeme ya kufungua makomeo ili miguu ishuke. Walivuka bahari. Walipofika Warsaw wakabonyeza swichi ya akiba. Miguu haikushuka. Wakajaribu tena, haikushuka. Walizunguka zaidi ya saa moja. Mwishowe Wrona akaitua kwa tumbo, polepole, juu ya lami, cheche zikiruka. Watu wote 231 walitoka, hakuna aliyeumia vibaya.

Baadaye wataalamu waliinyanyua ile ndege. Wakakuta swichi ndogo ya kulinda umeme imeruka. Iko chini karibu na sakafu ya chumba cha marubani. Mtu mmoja akaibonyeza kwa kidole. Miguu yote ikashuka.

Nilipofika hapo wazee walinyamaza. Yule wa miavuli aliniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akasema, "Kidole kimoja," akatikisa kichwa.

Nikawasomea pia habari ya Korea ya Kusini. Tarehe 4 Januari 2022 ndege ya kivita aina ya F-35, ya kisasa kabisa, ilimmeza tai. Tai aliingia kwenye tundu la kuvutia hewa, akavunja ukuta wa ndani, akaharibu mabomba ya mafuta na nyaya za umeme. Miguu yote mitatu ikagoma. Rubani akatua kwa tumbo, akatoka salama. Lakini ndege haikuruka tena, kwa kuwa gharama ya kuitengeneza ilikuwa kubwa mno. Fundi alisema tai hana kadi ya kusoma, kwa hiyo hana lawama.

Habari iliyofungua kinywa cha Fundi ni ile ya Alaska. Alaska ni sehemu ya Marekani yenye baridi ya kugandisha maji. Tarehe 28 Januari 2025 ndege nyingine ya F-35 ilipaa huko. Gurudumu la mbele halikukunjika sawasawa. Rubani alipolishusha, likaganda likiwa limeelekea kushoto. Akazungumza kwa redio na simu na wataalamu watano kwa dakika 50, akiwa angani. Akajaribu kugusa lami mara mbili ili gurudumu linyooke. Halikunyooka. Na sasa hata miguu ya nyuma ilikuwa imeganda. Vyombo vya ndege vikadhani ndege imekwisha kutua, vikabadilisha uongozaji wakati bado iko hewani. Ikawa haishikiki. Rubani akaruka na kiti chake, mwavuli ukafunguka, akapona. Ndege ikaanguka na kuteketea. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya mafuta ya miguu mlikuwa na maji. Karibu theluthi moja ilikuwa maji. Baridi ikayagandisha. Pipa la mafuta halikutunzwa ipasavyo.

"Maji," akasema Fundi. Hakugusa kete zake. Wenzake walipoondoka kwenda kuswali, mimi nikabaki. Ndipo akanieleza yake.

Mahali hakutaja, na hata angetaja nisingeandika. Alikuwa kijana bado. Yeye na rafiki yake walipewa ndege moja ya kutunza. Kila asubuhi waliikagua kwa kadi ya mafundi. Rafiki alisoma mstari kwa sauti. Fundi alitazama kitu kilichotajwa, akakigusa, kisha akajibu, "Tayari." Mwishoni wote wawili walitia sahihi.

Mwezi wa kwanza walisoma neno kwa neno. Mwezi wa sita walikuwa wameihifadhi yote kichwani. Rafiki yake aliacha kuitazama kadi. Aliisema kama mtu anayesema sala, haraka haraka, na Fundi akaitikia haraka haraka. Walikuwa wakijisifu kwamba ni mafundi wepesi kuliko wote.

"Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha," Fundi alisema. "Tulitaka kumaliza tuingie ndani. Mstari wa tisa ulikuwa, soma geji ya chupa ya hewa. Sijui kama mwenzangu aliutaja au aliuruka. Mimi nilisema tayari. Nilikuwa natazama mvua."

Chupa ilikuwa imepoteza hewa. Geji ilionyesha hivyo, kama kungekuwa na mtu wa kuisoma.

Mchana huo huo, kati ya siku zote, bomba la mafuta likavuja ndege ikiwa angani. Rubani akafungua chupa ya akiba. Hewa iliyobaki ilishusha miguu yote, lakini haikutosha kuifunga yote. Taa mbili zikawaka. Ya kushoto haikuwaka. Rubani akapita chini juu ya kiwanja ili watu wamtazame. Fundi anasema aliuona mguu wa kushoto ukitikisika kwa upepo. Kijiti juu ya bawa kilikuwa kimechomoza nusu.

Rubani alizunguka ili kupunguza mafuta ya moto. Akageuka kwa nguvu mara nyingi, akitumaini uzito utauvuta mguu mpaka ujifunge. Gari la zimamoto likasogea kando ya lami. Watu wote wa kambi walikuwa wamesimama nje kwenye mvua. Hakuna aliyesema neno.

Akatua. Alianza na mguu wa kulia, akaliinua bawa la kushoto kwa muda mrefu kadiri alivyoweza. Mwendo ulipopungua, bawa likashuka lenyewe. Mguu wa kushoto ulipogusa ukakunjika kama mguu wa mbuzi. Bawa likakwaruza lami. Ndege ikazunguka, ikaingia kwenye majani, ikasimama ikitazama ilikotoka. Rubani alivunjika mtulinga na meno mawili. Alitoka kwa miguu yake.

"Jioni afisa wa ufundi alituita," Fundi aliendelea. "Alikuwa na ile karatasi mkononi, na sahihi zetu mbili. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, nani aliisoma geji? Mwenzangu akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akauliza mara ya pili. Nikasikia mdomo wangu unasema, hakuna aliyeisoma, afande."

Walipata adhabu wote wawili. Fundi aliondolewa kwenye ndege, akawekwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa miezi sita. Kisha yule rubani akapona. Akaomba Fundi arudishwe kwenye ndege yake, tena awe yeye msomaji wa kadi. Wengine walishangaa. Rubani alisema anamtaka aliyesema.

Nilimwuliza juu ya rafiki yake. Fundi alikaa kimya kidogo. "Hakunisamehe," akasema. "Aliona nimemchoma. Tumeishi mji mmoja miaka arobaini. Msiba wake nilihudhuria, jeneza nililibeba. Lakini jambo lile hatukulizungumza."

Ndugu wasomaji, wakati Fundi anasema maneno hayo mimi nilikuwa natokwa na jasho, na jua lilikuwa limekwisha kushuka. Sasa nitawaeleza kwa nini.

Wiki mbili kabla ya siku ile, mama mmoja mjane anayelima bondeni aliniita. Mchicha wake ulikuwa na wadudu. Ana matuta kumi na mawili, na hayo ndiyo yanayolisha wajukuu wake watatu na kununua madaftari yao. Alikuwa amenunua dawa. Akanionyesha chupa, akaniuliza kipimo. Dawa ile naijua. Nimeielekeza kwa wakulima miaka mingi. Sikuichukua chupa mkononi. Nilikuwa na haraka ya kwenda mkutanoni. Nilimwambia, "Mililita 20 kwa bomba la lita 15," nikapanda pikipiki.

Chupa ile ilikuwa mpya. Jina la dawa lilikuwa lile lile, rangi ya chupa ile ile, lakini dawa ilikuwa imeongezwa nguvu. Kipimo chake kilikuwa mililita 5. Kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi ya chupa, kwa Kiswahili.

Niliporudi baada ya siku nne, matuta saba yalikuwa yameungua. Majani yalikuwa ya kahawia, yamejikunja. Niliiona chupa imelala kando ya mfereji. Nikaiokota, nikaisoma. Nikaelewa palepale. Mama alisimama pembeni, ameshika jembe, ananingoja niseme.

Nikamwambia, "Ni jua hili, mama. Jua la safari hii ni kali." Na nikaongeza neno baya zaidi. Nikamwambia yale matuta matano yaliyobaki anaweza kuyavuna na kuyauza.

Nina cheti cha kilimo. Nilifundishwa kwamba dawa ikizidi kipimo, mboga hailiwi hata kama jani linapendeza. Nililijua hilo, na nikasema uze. Niliogopa wakulima wa bondeni wasiniamini tena. Niliogopa pia ofisini wasisikie. Usiku sikulala vizuri, lakini asubuhi nilikwenda kazini kama kawaida. Siku zikapita. Nilipokuwa na kazi bondeni nilizunguka kwa njia ya juu.

Kutoka kwa Fundi sikwenda nyumbani. Nililala, nikaamka, asubuhi nikashuka bondeni kabla ya chai. Njiani nilitengeneza maneno. Niliyapanga vizuri, yenye kuanza na hali ya hewa na kumalizia na kiwanda cha dawa. Nilipomwona mama anamwagilia, maneno yote yakapotea.

"Shikamoo, mama," nikasema. Nikapata nguvu kidogo. "Mchicha wako haukuunguzwa na jua. Nilikupa kipimo kibaya. Chupa sikuisoma."

Aliendelea kumwagilia mpaka ndoo ikaisha. Akaiweka chini. Akasema, "Najua, bwana shamba."

Mama huyu, ndugu wasomaji, hakwenda shule utotoni. Miaka miwili kabla ya hapo alijiunga na darasa la kisomo cha watu wazima. Husoma polepole, kwa kidole. Jioni ile niliyomwambia habari ya jua, alirudi nyumbani na ile chupa. Alikaa nayo kwenye taa. Maandishi ni madogo, na mjukuu mmoja alimsaidia neno moja lililomshinda. Wakafika penye kipimo. Wakafika pia penye siku za kungoja kabla ya kuvuna.

"Nilisoma mara tatu," aliniambia. "Nikasema labda mimi ndiye nisiyejua. Nikamwita mjukuu asome yeye. Naye akasoma tano."

Nikamwuliza juu ya yale matuta matano. Moyo wangu ulikuwa unapiga. Alinionyesha kwa mkono pembeni mwa shamba, karibu na migomba. Palikuwa na shimo lililofukiwa, udongo wake bado mpya. Mchicha wote aliung'oa na kuuzika, ulioungua na usioungua. Wateja wake ni majirani, alisema. Wana watoto.

"Sasa mbona hukunifuata?" nikamwuliza. "Mbona hukuja ofisini ukasema?"

"Nilikuwa nangoja uje mwenyewe," akajibu. "Nilijiwekea mwezi mmoja."

Nilikuwa nimebakiza kama siku kumi na tisa.

Sikuwa na fedha za kumlipa zote mara moja, na yeye alijua mshahara wangu. Tulikubaliana. Nilimletea mbegu, na nilinunua madaftari ya wajukuu. Jumamosi mbili nililima yale matuta kwa jembe, na mabonde yote yaliniona. Wakulima waliuliza bwana shamba anafanya nini. Mama aliwaambia niwaeleze mwenyewe. Nikawaeleza. Wawili walikasirika, na mmoja mpaka leo hanisalimii vizuri. Ofisini pia niliandika barua, nikapata onyo.

Fundi nilimweleza kisa chote wiki iliyofuata, chini ya mwembe, wenzake wakisikia. Mzee wa mnara aliniuliza kama sasa nimeelewa neno lake la siku ile. Nikasema nimeelewa. Akasema vizuri, basi nisogee, namzuilia mwanga wa drafti.

Siku hizi tukipiga dawa bondeni, chupa anaishika mama. Anasoma kwa sauti, kidole chake kikifuata mstari, mpaka mwisho. Mimi nimeshika kizibo cha kupimia, nangoja.